Difu Loki au Limitedi? Usiuziwe Chuma Usichokihitaji

Kuna maneno mawili siku hizi yanauza pikapu kuliko rangi na redio: difu loki. Ukienda kuangalia gari lililotumika, hata hujafungua boneti, dalali ameshakusogelea sikioni: "Bosi, hii ina difu loki, haikwami hii." Na wewe uliyekuja na ujanja wako wote, umekagua tairi, umelala chini kuangalia chesisi, umenusa oili, hapo unanyamaza. Unatikisa kichwa kama mtu anayejua. Ukirudi nyumbani unamwambia mama watoto, "Tumepata gari, lina difu loki." Mama watoto naye anaitikia. Nyumba nzima inajivunia kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiona.

Swali la difu nimeulizwa mara nyingi, na mara nyingi nimelijibu kwa mkato. Safari hii aliyeuliza ni shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu mdogo. Huyu bwana ananunua mpunga Malinyi na kuushusha mashineni Ifakara kwa Land Cruiser pikapu, ile yenye injini ya 1HZ ya dizeli isiyo na tabo. Msimu wa mvua amekwama mara ngapi hata yeye ameacha kuhesabu. Fundi mmoja amemwambia aweke difu loki. Mwingine kamwambia hapana, tafuta limitedi slipu. Wa tatu, huyu ndiye aliyenifanya niandike, kamwambia, "Mzee, hizo hela za nini? Lete difu yako hapa niichomelee spaida gia, inakuwa loki moja kwa moja, nipe ya soda tu."

Sasa hiyo pikapu ndiyo ada ya watoto watatu. Na dada yangu mara nyingi anakaa humo humo mbele, maana yeye ndiye mwenye daftari la wakulima. Kwa hiyo shemeji, tulia usome, na wengine mnaoendesha sehemu za matope someni naye.

Tuanze na difu yenyewe, kwa sababu wengi wanaitaka iliyofungwa bila kujua kwa nini ilifunguliwa. Umewahi kuona halaiki wakipita uwanjani kwa mstari, halafu mstari mzima unakata kona? Yule wa ndani anakanyaga papo kwa papo, wa nje anakaribia kukimbia. Ukiwafunga kwa mti mmoja mabegani waende hatua sawa, mstari unavunjika. Tairi za ekseli moja ni hivyo hivyo. Kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Mfaransa mmoja fundi saa, Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyeiwekea hakimiliki difu ya namna hii miaka ya 1820, wakati magari yenyewe yalikuwa ya mvuke. Meno madogo yaliyomo katikati, ndiyo hizo spaida gia, yanaruhusu tairi moja liende mbio na jingine lichelewe, huku yote mawili yakiendelea kusukumwa na injini.

Hapo ndipo kwenye uzuri wake na ndipo kwenye ugonjwa wake. Mafundi wetu wana usemi kwamba "difu inapeleka nguvu yote kwa tairi linaloteleza". Nimebishana nao sana hili. Siyo hivyo. Difu ya kawaida ni mwadilifu kupita kiasi: inagawa nguvu nusu kwa nusu, siku zote, hata pale ambapo haki inaleta njaa. Tairi la kushoto likiwa kwenye ute wa tope halihitaji nguvu nyingi ili lizunguke, na kiasi kile kile kidogo ndicho anachopewa mwenzake aliyesimama kwenye udongo mkavu. Kwa hiyo lile la kulia linakaa tu kama mgeni wa harusi, na la kushoto linachimba kaburi.

Tuweke hesabu ya kitoto, namba za mfano tu. Tairi la kushoto kwenye tope linaweza kusukuma kilo 20 kabla halijateleza. La kulia, kwenye ardhi ngumu, linaweza kusukuma kilo 400. Difu ya kawaida itakupa 20 kushoto na 20 kulia, jumla 40, na pikapu yenye magunia haiendi kwa kilo 40. Funga hiyo difu, yaani ufanye ekseli yote iwe kama mti mmoja: sasa una 20 za kushoto na 400 za kulia, jumla 420. Gari linatoka kama halikuwepo. Limitedi slipu je? Hiyo iko katikati, na ukatikati wake ndio unaowachanganya watu. Ile inayoweza kumpa mwenye mshiko mara tatu ya anachopata asiye na mshiko itakupa 20 na 60, jumla 80. Ni mara mbili ya difu ya kawaida, lakini angalia umbali uliopo kati ya 80 na 420.

Zidisha balaa kidogo. Tairi la kushoto liko hewani kabisa, umepanda kisiki au mtaro umekukatia njia. Mshiko ni sifuri. Mara tatu ya sifuri ni nini? Hata mtoto wa darasa la pili anakujibu. Ndiyo maana limitedi za gia, kama zile za Torsen alizozibuni Mmarekani Vernon Gleasman miaka ya 1950, zikipata tairi la hewani zinaachia kabisa kama difu ya kawaida. Zile za sahani, ambazo ndizo nyingi kwenye pikapu za Kijapani, zina springi zinazobana sahani muda wote, kwa hiyo hapo unapata kidogo, si sifuri. Kidogo, nimesema.

Kuna ujanja wa zamani wa madereva: limitedi ikikataa, kanyaga breki kidogo huku umeshika moto, au vuta hendibreki mikato miwili mitatu. Tairi linaloteleza linapata kizuizi, difu inadanganyika ikadhani lina mshiko, na mwenzake anapata nguvu. Ujanja huu ni wa kweli na unafanya kazi hata kwa difu ya kawaida kwa kiasi fulani. Ila wenye Land Rover 110 msihangaike na hendibreki, maana yenu haiko kwenye tairi. Inashika shafti inayotoka gia boksi, kwa hiyo ukiivuta unaizuia injini yenyewe. Na hapo hapo niwaonye: kwa sababu hiyo hiyo, ukipiga jeki tairi moja la nyuma la Land Rover ukaamini hendibreki, gari linaweza kuondoka likakulalia, kwani difu inaruhusu tairi lililoko hewani kuzunguka upande mmoja na la chini kuviringika upande mwingine. Weka jiwe. Weka mawili.

Nikiwa bado kwa hao hao wa Land Rover. Ule mkono mnaousukuma kushoto mnasema "nimeweka difu loki" ni kweli ni difu loki, lakini ni ya katikati, baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari lile linasukuma tairi zote muda wote, kwa hiyo lina difu ya tatu pale kati, na hiyo ndiyo mnayoifunga. Difu za ekseli zenyewe zinabaki wazi. Hilux na Land Cruiser za pikapu hazina hiyo ya kati. Ukiingiza fo-wili, mbele na nyuma zinashikana zenyewe. Na ndiyo maana fo-wili ya pikapu haiendeshwi kwenye lami kavu.

Hapa ndipo wengi wanapigwa na butwaa. "Nina fo-wili, inakuwaje nakwama?" Bwana wee, fo-wili yenye difu za kawaida inaweza kusimamishwa na tairi mbili tu: moja la mbele likiteleza, moja la nyuma likiteleza, basi, umekwisha, zile mbili nyingine zinakutazama. Kwenye makorogo ya msimu wa mvua, yale mashimo yanayopishana kushoto na kulia, hiyo ndiyo hali ya kawaida kabisa. Gari linanyanyua mguu mmoja mbele na wa kinyume chake nyuma, kama mbwa kwenye nguzo.

Sasa twende kwenye vitu vyenyewe. Limitedi ya sahani ina sifa moja kubwa: haina swichi, haina waya, haina bomba, na dereva hata asipojua kwamba ipo inafanya kazi. Kwa gari la kampuni linaloendeshwa na madereva watano tofauti hiyo si sifa ndogo. Kwenye mchanga, kwenye changarawe, kwenye utelezi mwepesi, inasaidia bila kelele. Lakini ina magonjwa mawili. La kwanza, sahani zinalika. Limitedi ya gari lililotembea miaka mingi Japani, halafu likaja kutembea nyingine hapa, mara nyingi imeshakuwa difu ya kawaida yenye jina kubwa. La pili ni oili. Inataka oili ya difu iliyowekwa dawa yake ya limitedi slipu, na imeandikwa kwenye kopo. Mwagia oili yoyote ya pipa uone itakavyonguruma na kutetemeka kwenye kona, halafu fundi akuambie ni beringi.

Difu loki nazo ziko za aina aina. Kuna za kuwasha na kuzima kwa mkono wako. Toyota wenyewe wamekuwa wakiweka ya umeme: mota ndogo juu ya difu inasukuma meno yakashikana, na ndani kuna kitasa cha kuzungusha, mkato wa kwanza unafunga nyuma, wa pili unafunga nyuma na mbele. Kisha kuna za upepo, ambazo kampuni ya ARB ya Australia imezifanya zijulikane dunia nzima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Unafungiwa kompresa ndogo, mpira mwembamba unapeleka upepo kwenye difu, ukibonyeza swichi inafunga, ukizima inaachia na difu inarudi ya kawaida kabisa kama haikuguswa.

Halafu kuna zinazojifunga zenyewe, kama Detroit Locker ya Eaton, Marekani. Hizi kawaida yake ni kufungwa, na kwenye kona zinamwachia yule wa nje aende zake. Ni imara na hazina nyaya za kukatika. Lakini kwenye lami zina tabia. Unakata kona unasikia "ngo!" chini ya kiti, unaachia moto katikati ya kona gari linajivuta pembeni kidogo, unashika moto linajivuta kwingine. Wamarekani wa matope wanazizoea. Mimi kwa gari linalobeba abiria na mzigo sizipendi, na huo ni msimamo wangu, asiyekubali tukutane gereji.

Na ya mwisho ni ile ya fundi wa soda. Kuchomelea spaida gia maana yake ni kwamba difu haipo tena. Umerudi kwenye mti wa halaiki. Shambani kwenye tope litakwenda, tena vizuri, na hapo ndipo udanganyifu ulipo, kwa sababu ukilijaribu nyuma ya gereji utashangilia. Kisha unashuka zako Mikumi unakutana na lami ya barabara kuu. Kwenye kila kona tairi mbili za nyuma zinataka kwenda umbali sawa na haziwezi, kwa hiyo moja lazima liburuze. Gari linasukuma kwenda mbele wakati wewe umeshakata usukani. Kwenye lami iliyolowa, ukiwa na mwendo, ekseli ya nyuma inaachia yote kwa pamoja, kwa sababu hakuna hata tairi moja lililobaki kushikilia upande. Tairi zinalika kama sabuni, na shafti za ekseli zinapindwa kila siku mpaka siku zitakapokatika. Uchomeleaji wenyewe unaweza kupasuka, kipande kikaingia kwenye krauni na pinioni, difu ikajikaba huku unatembea. Nani yuko kwenye kiti cha mbele siku hiyo, shemeji?

Naendelea na hatari, maana wauza difu loki hawaisemi. Ekseli iliyofungwa inapoteleza, inateleza yote. Chukua barabara yetu ya udongo iliyopigwa mgongo katikati ili maji yashukie mitaroni. Mvua imenyesha, juu kuna utelezi kama bamia. Ukiwa na difu ya kawaida, tairi moja likizunguka bure, mwenzake anayekwenda polepole bado ameng'ata ardhi na analizuia gari lisiende pembeni. Funga difu, tairi zote mbili zinazunguka pamoja, na hakuna wa kushikilia. Kinachofuata, mkia unashuka mtaroni taratibu, na wewe umeshika usukani unatazama. Limitedi nayo ina dhambi hii, ila ndogo. Kwa hiyo kwenye mgongo wa barabara au pembeni mwa mlima, kama zile njia za kupandisha Mahenge au kule Makete kwenye viazi, difu loki si kitu cha kuwasha ukaacha kinawaka. Unawasha kuvuka pale pabaya, unazima. Kushuka mteremko wenye kona, zima.

Ya pili ni shafti. Difu ya kawaida haiwezi kuupa upande mmoja zaidi ya nusu ya nguvu ya ekseli. Iliyofungwa inaweza kuipeleka yote upande mmoja. Kwenye gia ya nguvu, na mzigo mgongoni, tairi moja likiwa limebanwa kwenye jiwe na dereva amekanyaga moto kwa hasira, kitu chembamba kuliko vyote ndicho kitakachokatika. Pikapu ya Land Cruiser ina nafuu hapa, kwa kuwa uzito wa gari ya nyuma umekaa kwenye hausingi, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, tairi linabaki mahali pake. Kwenye Hilux shafti yenyewe ndiyo imebeba tairi. Mwenye Hilux akifunga difu aweke na adabu kwenye mguu wa kulia.

Ya tatu ni difu ya mbele. Ukiifunga, usukani unakuwa mzito kama wa tingatinga na gari halitaki kukata kona. Ukilazimisha, unavunja zile joint za kwenye tairi za mbele. Ya mbele ni ya kwenda sawa tu, taratibu, kwa mita chache.

Sasa nani anunue nini. Kama wewe ni mtu wa Dar mwenye shamba Mkuranga au Bagamoyo, unakwenda Jumamosi unarudi Jumapili, adui yako ni mchanga. Mchanga unakamata tairi zote karibu sawa, kwa hiyo hata ukifunga difu hupati muujiza. Punguza upepo. Tairi lenye 35 lishushe mpaka 20 au chini kidogo, liwe na tumbo, uone. Limitedi inatosha, na kama gari lilikuja nayo, ihudumie tu. Wenye mashangingi na pikapu mpya msije mkahangaika kabisa. Mengi siku hizi yana kompyuta inayokamata breki ya tairi linaloteleza, yaani ule ule ujanja wa hendibreki, ila kwa akili na kwa tairi moja moja. Inachelewa kidogo, inakuacha uteleze ndipo ishike, na breki zinapata moto, lakini kwa safari zako inatosha. Soma kitabu cha gari tu, maana kwa baadhi ya magari ukiwasha difu loki kompyuta inazima misaada mingine.

Lakini mtu wa mbuga, wa ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaojaza tairi mpaka linakuwa kama andazi, huyo limitedi itamwonea. Udongo ule ukishika nafasi za tairi, mshiko unakaribia sifuri, na tumeshasema mara tatu ya karibu sifuri ni nini. Wanaopeleka watalii Ndutu msimu wa mvua wanajua ninachosema. Na barabara ya Malinyi nayo, ukishavuka lile daraja la mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018 na kuiacha njia ya Mahenge, ina sehemu za namna hiyo hiyo. Huko ni difu loki ya kuwasha na kuzima. Ya nyuma.

Kabla hujatoa hela, shemeji, kwanza jua ulicho nacho. Paki sehemu tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, maana hendibreki utaiachia. Nyanyua ekseli yote ya nyuma, ikalie stendi za chuma, siyo jeki peke yake na siyo tofali. Gia huru. Zungusha tairi moja kwa mkono. La upande wa pili likizunguka kinyume, difu yako ni ya kawaida, au ni limitedi iliyokwisha kufa. Likizunguka nalo upande ule ule, tena kwa uzito, una limitedi hai. Kama kuna swichi ya loki, iwashe, sukuma mpaka ikamate, urudie. Sasa lazima yaende pamoja bila mjadala. Dalali akikukatalia kipimo hiki cha dakika kumi, umeshapata jibu.

Ukikuta limitedi hai, usidhani utaongeza loki juu yake. Difu loki ya upepo inakuja na kikombe chake kizima, kinachukua nafasi ya kile cha zamani. Ni moja au nyingine kwa kila ekseli. Na kuipanga upya krauni na pinioni ni kazi ya fundi mwenye geji ya kupimia. Anayepima kwa sikio mpe kazi ya kubadili oili.

Halafu kabla hata ya loki, tairi. Nimeiona pikapu yako Krismasi, zile tairi za lami zenye upara ungezifungia difu ya kifaru zisingekusaidia. Tairi za matope nne kwanza. Jembe, ubao mpana wa kukalia jeki, kamba nzuri. Hivyo ndivyo vitakavyokutoa mara nyingi zaidi. Zikibaki hela, nunua ya upepo kuliko ya umeme iliyotumika, kwa sababu moja ya kijinga tu: ile kompresa yake ukiifungia mpira inajaza na tairi. Ukishushia upepo Malinyi, nani atakujazia? Ya umeme ni nzuri ikiwa imetoka kiwandani na gari, lakini mota zake zikikaa muda mrefu bila kuguswa zinashika kutu. Mwenye nayo aiwashe japo mara moja kwa mwezi, kwenye udongo laini, imalize mchezo wake.

Namna ya kutumia, mfundishe na yule dereva wako wa zamu. Unafunga kabla ya kuingia kwenye tope, siyo ukiwa umeshazama na tairi linazunguka kama feni. Kufunga huku tairi linazunguka ni kugonganisha meno, na meno ya difu hayaoti tena. Simama au tambaa, usukani ulio sawa, bonyeza. Taa ikipepesa maana yake meno hayajaonana, sogea kidogo mbele. Pita kwa mwendo mmoja, bila fujo. Ukitoka upande wa pili zima papo hapo. Taa ikigoma kuzimika usipige dashibodi, shafti zimejisokota tu. Rudi nyuma hatua mbili au tikisa usukani kushoto na kulia huku unasogea, itaachia. Ukiona oili inatoka kwenye pumulio la difu, kuna upepo unavuja ndani, mpeleke fundi kabla oili haijaisha.

Njia ya Mahenge, ukipeleka mzigo wa duka, swichi isiguswe kwenye mteremko hata dada akikuhimiza mmechelewa.

Ya mbele usiifikirie mwaka huu. Ikifika siku nyuma imefungwa, tairi ni nzima, upepo umeshusha na bado umekwama, hapo tatizo si difu, hiyo njia haipitiki, subiri jua. Na yule fundi wa kuchomelea mwambie asante, soda yake nitalipa mimi.